Kuziba ateri kwa katheta pale uume unapokataa kulala: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu tiba moja tu: kuziba, kwa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mishipa), ateri iliyochanika katika uume au msamba, kwa mtu ambaye uume wake umebaki umesimama nusunusu kwa siku au wiki. Tiba hii si ya kila uume uliokataa kulala. Tunaomba usome maswali matatu ya mwanzo kabla ya kuruka kwenye mengine, maana hapo ndipo wagonjwa, na wakati mwingine hata wahudumu, wanapopotea njia.

Priapizimu ni nini hasa?

Ni kusimama kwa uume kunakoendelea zaidi ya saa 4 bila ashiki, au kunakobaki hata baada ya ashiki kwisha. Jina ni moja lakini maradhi ni mawili, na yanakaribia kuwa kinyume.

Fikiria tangi la maji juu ya nyumba. Katika aina ya kwanza bomba la kutoa maji limeziba: damu imeingia, imenaswa, haitoki, oksijeni imekwisha na tishu zinakufa. Hii ndiyo inayowapata wengi, takriban wagonjwa 95 katika kila 100. Katika aina ya pili bomba la kutoa liko wazi, ila la kuingiza limepasuka ndani ya tangi. Damu safi ya ateri inamwagika moja kwa moja kwenye sponji ya uume (tishu inayojaa damu uume unaposimama) usiku na mchana bila kusubiri amri ya neva. Madaktari huita upenyo huo fistula. (Si fistula ile ya uzazi, neno linamaanisha tu njia isiyo ya kawaida kati ya sehemu mbili.)

Kuziba ateri ni kufunga bomba la kuingiza. Kunaisaidia aina ya pili. Ukikufanya kwenye aina ya kwanza, umezinyima oksijeni tishu ambazo tayari zinakosa hewa.

Nitajuaje nina aina ipi?

Maumivu na ugumu vinasema mengi. Damu ikinaswa, uume unakuwa mgumu kabisa na unauma, na maumivu yanazidi kadiri saa zinavyokwenda. Ateri ikichanika, uume unakuwa umejaa lakini unapindika ukiubonyeza, hauumi au unauma kidogo tu pale ulipopigwa, na ukipata ashiki unasimama kabisa kisha unarudi kwenye hali ya nusu. Wapo wanaume waliokaa hivyo kwa miezi wakifanya kazi zao na kulala na wake zao, wakiudhiwa tu na suruali.

Hospitalini jibu linapatikana kwa sindano. Daktari anachota damu kidogo kutoka kwenye uume wenyewe na kuipima gesi. Damu nyeusi nzito yenye oksijeni chini ya milimita 30 za zebaki, kaboni dayoksaidi zaidi ya 60 na pH (kipimo cha asidi) chini ya 7.25 ni damu iliyonaswa. Damu nyekundu ya kung'aa yenye oksijeni zaidi ya 90, kaboni dayoksaidi chini ya 40 na pH karibu 7.40 ni damu ya ateri. Kipimo hiki hufanywa kwa mashine ileile ya gesi za damu iliyoko ICU, majibu yakatoka kwa dakika chache. Hospitali isiyo na mashine hiyo itazame rangi ya damu kwenye bomba la sindano: si kipimo kamili, ila tofauti huonekana kwa macho.

Uume wangu ni mgumu kama mti na unauma. Nitafute wanaoziba ateri?

Hapana. Nenda hospitali yoyote yenye daktari wa upasuaji, sasa hivi. Usisubiri rufaa ya mji mkubwa na usisubiri asubuhi. Kufikia saa 24 utando wa ndani wa sponji unakuwa umeharibika, na baada ya saa 48 misuli yake imekufa na kuanza kugeuka kovu. Anayefika baada ya saa 36 ana nafasi ndogo sana ya kusimamisha tena kwa nguvu zake mwenyewe.

Tiba yake ni kunyonya damu iliyonaswa kwa sindano nene, kisha kuchoma fenilefrini, dawa ya kubana mishipa, ndani ya uume, kwa kawaida mikrogramu 100 hadi 500 kila dakika 3 hadi 5 huku presha na mapigo ya moyo vikipimwa, kwa muda wa hadi saa moja. Ikishindikana, daktari anafungua njia ya damu kwa upasuaji mdogo.

Aibu inaua uume wa watu wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Mapokezi sema tu "nina dharura ya mfumo wa mkojo, imepita saa kadhaa". Kama umetumia dawa ya nguvu za kiume, iwe kidonge, sindano au unga usiojulikana una nini ndani, sema hilo kwa daktari bila kuficha.

Ateri huchanikaje?

Karibu kila mara ni pigo la msamba, yaani sehemu iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Mguu unateleza kwenye pedali, mtu anaangukia lile bomba la katikati la baiskeli. Bodaboda inafunga breki ghafla, dereva anagonga tangi la mafuta kwa msamba. Fundi anatua ametanua miguu juu ya boriti, mtoto anaanguka mwembeni na kutua tawini. Ateri ya sponji ya uume inapita karibu na mfupa wa kinena; ikibanwa kati ya mfupa na chuma, ukuta wake unapasuka.

Sababu nyingine ni chache: sindano iliyotoboa ateri wakati wa kutibu ile aina ya kwanza, jeraha la kisu, na kwa nadra uvimbe au mishipa iliyoumbika vibaya tangu kuzaliwa.

Nilianguka Jumamosi, uume ukasimama Jumatatu. Vina uhusiano kweli?

Vina uhusiano. Pigo linachana ateri, lakini damu inaganda pale na kuziba tundu kwa muda. Kisha usiku mwanamume anasimama usingizini kama kawaida, shinikizo linapanda, lile bonge linang'oka na tundu linafunguka. Ndiyo maana tatizo huanza saa kadhaa hadi siku 2 au 3 baada ya ajali, na mara nyingi mtu anaamka nalo alfajiri. Mwambie daktari kuhusu kuanguka hata kama kulikuwa wiki iliyopita na hakukuacha alama kwenye ngozi.

Daktari amesema nina aina ya pili, kisha akaniambia nirudi nyumbani nisubiri. Amenidharau?

La. Damu iliyomo ina oksijeni, kwa hiyo hakuna tishu inayokufa, na hii si dharura. Miongozo ya madaktari wa mfumo wa mkojo inaruhusu kusubiri na kufuatilia kwa takriban wiki 4 kabla ya kuziba chochote. Katika mapitio ya zamani ya wagonjwa walioachwa bila tiba, hadi 62 katika kila 100 fistula ilijifunga yenyewe.

Wakati wa kusubiri, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa huwekwa msambani dakika 15 hadi 20 kwa mara moja, na baadhi ya madaktari humfundisha mgonjwa kubonyeza msamba pale fistula ilipo. Ushahidi wa njia hizi ni mdogo, lakini hazina gharama wala hatari, isipokuwa barafu iliyowekwa moja kwa moja kwenye ngozi, ambayo inaunguza. Baiskeli, pikipiki na mizigo mizito viache.

Usikubali kuchomwa fenilefrini kwa aina hii. Kwa kuwa njia ya kutoka iko wazi, dawa haikai ndani ya uume. Inakwenda moja kwa moja mwilini na kupandisha presha. Kunyonya damu nako ni kwa ajili ya kipimo tu, hakutibu.

Ultrasaundi inaonyesha nini, na kwa nini yangu ilisema "kawaida"?

Ultrasaundi ya Dopla ya rangi inaonyesha damu inayokwenda. Kwenye fistula huonekana doa la rangi zilizochanganyika, kama maji yanayochemka, kando ya ateri ya sponji, na kasi ya damu inakuwa kubwa upande huo.

Majibu ya "kawaida" kwa mtu mwenye dalili zote yana sababu moja inayojirudia: mpimaji ameangalia shina la uume linaloonekana nje na kuishia hapo. Karibu nusu ya sponji imejificha ndani, kuelekea msambani, na huko ndiko wanakoumia wengi. Mgonjwa alale chali, magoti yametanuliwa kama chura, kipimo kianzie msambani kwenye mizizi ya uume na kupanda juu. Ripoti nzuri inataja upande, kulia au kushoto au pande zote, na fistula iko wapi. Hiyo itampunguzia daktari wa katheta muda na mionzi.

Picha za CT au MRI zinaweza kuongeza taarifa, ila si za lazima kwa kila mtu.

Tiba yenyewe ni ipi, na ni mpya?

Si mpya. Ilielezwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1977, mgonjwa akizibwa kwa damu yake mwenyewe iliyoganda. Kilichobadilika ni vifaa. Katheta za siku hizo hazikufika mbali, hivyo waliziba mshipa mkubwa na kuomba Mungu. Leo katheta yenye unene chini ya milimita moja inafika hadi kwenye tawi lililochanika lenyewe. Anayeifanya ni daktari wa tiba radiolojia, yaani anayetibu ndani ya mishipa akiongozwa na picha za eksirei.

Nijiandae vipi?

Vipimo vinavyohitajika ni picha kamili ya damu, muda wa kuganda, kreatinini ya figo na kundi la damu. Vituo vingi vinataka chembe sahani zaidi ya 50,000 na INR (kipimo cha muda wa kuganda) isiyozidi kati ya 1.5 na 1.8. Chakula kigumu acha saa 6 kabla. Maji matupu saa 2 kabla.

Taja dawa zote unazotumia. Za kuyeyusha damu husimamishwa kwa ratiba ya daktari, usizikate mwenyewe. Metfomini inaweza kusimamishwa kwa siku 2 kama figo zako ni dhaifu. Kama uliwahi kuvimba au kubanwa kifua baada ya kuchomwa dawa ya kuonyesha mishipa kwenye CT, sema mapema, si mezani.

Utawekewa mpira wa mkojo. Wengi hushangaa, kwani tatizo liko kwenye uume. Sababu ni hii: dawa ya kuonyesha mishipa inatoka kwa njia ya mkojo, kibofu kinajaa na kuwa cheusi kwenye picha, na ateri zinazotafutwa ziko nyuma yake.

Ndani ya chumba kunafanyika nini, hatua kwa hatua?

Unalala chali kwenye meza ya katlabu, yaani chumba chenye mtambo wa eksirei za mishipa. Mtu mzima hupewa ganzi ya lignokeini kinenani na dawa kidogo ya kutuliza. Watoto hupewa nusu kaputi. Daktari anatoboa ateri ya paja kwa sindano, anapitisha waya laini, kisha juu ya waya anaweka ala, mrija mfupi wenye valvu unaobaki pale kama mlango. Ukubwa wake ni Fr 4 au 5. Fr 3 ni milimita 1, kwa hiyo Fr 5 ni kama milimita 1.7.

Kutoka hapo katheta inapanda hadi aota, mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, inapogawanyika na kuvuka kwenda upande wa pili. Ndiyo maana wengi hutoboa paja la upande usio na tatizo. Kufanya kazi upande uleule uliotobolewa kunawezekana, lakini inabidi katheta ikunjwe kitanzi ndani ya aota, na hapo ndipo dakika zinapotea. Inaingia ateri ya ndani ya nyonga, kisha inatafuta tawi linaloitwa pudenda ya ndani, linalopita nyuma ya mfupa wa kalio na kuibukia msambani. Dawa ya kuonyesha mishipa inachomwa na picha za mfululizo zinapigwa, mtambo umeinamishwa kando ili uume usifunikwe na mifupa. Fistula inaonekana kama wingu jeusi dogo linalotokea mapema na kukawia kufutika.

Pande zote mbili lazima zipigwe picha kabla ya kuziba chochote. Ateri za kulia na kushoto zina njia za kukutana, na wakati mwingine upande unaoonekana mzima ndio unaolisha sehemu ya fistula.

Kisha ndani ya katheta ya kwanza inapitishwa katheta ndogo ya Fr 2 hadi 2.7 juu ya waya mwembamba. Inapita pale ateri ya mgongo wa uume inapoachana na ateri ya sponji, inaingia ya sponji, inasogezwa karibu na tundu iwezekanavyo. Hapo ndipo kizibo kinasukumwa, kidogokidogo, daktari akitazama kioo. Baada ya kila dozi anasubiri na kupiga picha. Mwisho pande zote mbili hupigwa picha tena. Kazi yote huchukua saa 1 hadi 2 ikienda vizuri.

Ni wapi mambo huharibika mezani?

La kwanza ni mshituko wa ateri. Ateri ndogo ikiguswa na waya hujibana, damu inasimama, wingu linapotea. Asiye na uzoefu anaona fistula imefunga, anatoa vifaa, na kesho yake uume uko palepale. Mwenye uzoefu anasubiri, au anachoma nitrogliserini mikrogramu 100 hadi 200, kisha anapiga picha upya.

La pili ni kusukuma kwa nguvu. Ateri ikishajaa, kizibo kinachoendelea kusukumwa kinarudi nyuma na kuingia ateri ya mgongo wa uume, inayolisha kichwa cha uume na ngozi. Hapo mtu anaweza kupata kidonda au, kwa nadra, sehemu ya kichwa cha uume kufa.

La tatu ni maumbile. Baadhi ya wanaume wana ateri ya ziada ya uume isiyotokea kwenye pudenda ya ndani. Asiyeitafuta ataziba kila anachokiona na bado damu itaendelea kumwagika.

Kinachozibia ni nini? Kinabaki mwilini?

Swali hili linastahili muda wako kuliko mengine yote, na una haki ya kumuuliza daktari kabla ya kusaini.

Damu yako mwenyewe: wanachota mililita 10 hivi, wanaiacha igande, wanakata bonge na kulisukuma. Haina gharama na inayeyuka ndani ya saa au siku. Ubaya wake ni huohuo, inaweza kuyeyuka kabla tundu halijapona.

Sponji ya jelatini: karatasi kavu inakatwa vipande vya takriban milimita 1, inachanganywa na dawa ya kuonyesha mishipa kwa kusukumwa huku na huku kati ya mabomba mawili ya sindano hadi iwe kama uji mzito. Inakaa wiki 2 hadi 6 kisha mwili unaila, ateri inafunguka tena wakati tundu limeshapona.

Koili: nyuzi ndogo za platinamu za milimita 2 au 3 zinazojikunja zikitoka kwenye katheta. Zinawekwa kwa usahihi mkubwa na hazitoki tena. Fistula ikirudi kwa njia nyingine, koili imekwishafunga mlango ambao katheta ingepitia.

Gundi ya matibabu huganda ikikutana na damu, kwa sekunde. Inafunga vizuri sana, ila inataka mkono uliozoea. Katheta yenyewe inaweza kunata ndani. Chembechembe za plastiki nazo hutumika, lakini zikiwa ndogo kuliko tundu hupenya na kusafiri na damu hadi mapafuni.

Mwongozo wa Marekani wa 2003 ulikusanya kesi zilizokuwepo: waliozibwa kwa vitu vinavyoyeyuka, 5 katika 100 walipata upungufu wa nguvu za kiume, waliozibwa kwa vitu vya kudumu, 39 katika 100. Kiwango cha kupona kilikaribiana. Kesi zilikuwa chache na za katheta za zamani, na ripoti za baadaye za koili zilizowekwa karibu kabisa na tundu hazionyeshi pengo kubwa hivyo. Hata hivyo, kwa kijana anayezibwa mara ya kwanza, sisi tungeanza na jelatini, na koili tungeziweka akiba kwa fistula iliyorudi au yenye tundu kubwa.

Wakiziba ateri ya uume, nitasimamisha tena?

Wengi husimamisha. Takriban wanaume 8 katika 10 hubaki na uwezo wao. Uume haulishwi na bomba moja: kuna ateri ya sponji ya upande wa pili, kuna matawi yanayovuka kutoka ateri ya mgongo, na kama ni jelatini, ateri iliyozibwa yenyewe hufunguka.

Kinachowatisha watu ni wiki za mwanzo. Uume uliokuwa umesimama mwezi mzima ghafla unalala na hauamki, hata alfajiri. Hilo ni la kawaida. Nguvu hurudi polepole, kwa wiki au miezi kadhaa. Kidonge cha kusaidia kusimamisha usikitumie bila daktari kukagua kwa Dopla kwamba tundu limefunga.

Kama fistula ziko pande zote mbili, hali ni nyeti zaidi. Kuziba ateri zote mbili kwa siku moja kwa vitu vya kudumu hatushauri. Wengi huziba upande mkubwa, wanasubiri, kisha wanaamua.

Uume utalala hapohapo mezani?

Wakati mwingine, ndiyo. Mara nyingi unalegea kidogo siku hiyo na kuendelea kulala kwa siku kadhaa. Tishu zilizovutwa kwa wiki nyingi zina uvimbe wake, kwa hiyo uume ulio mnene lakini laini si ushahidi kwamba tiba imeshindwa. Dopla ya siku inayofuata, na nyingine baada ya wiki moja hivi, ndizo zinazosema kweli.

Fistula inaweza kurudi?

Inaweza. Baada ya kuzibwa mara moja, ripoti zinataja kurudi kwa wagonjwa kati ya 7 na 27 katika 100. Kizibo kimeyeyuka mapema, au kulikuwa na tawi la pili lililokosekana, au mgonjwa amewahi mno kurudi kwenye tendo. Tiba hurudiwa kwa njia ileile. Kufungua na kufunga ateri kwa upasuaji wa kisu ni hatua ya mwisho kabisa, maana hatari ya kupoteza nguvu ni kubwa zaidi.

Baada ya tiba nifanye nini?

Ala ikitolewa, kinena kinakandamizwa kwa mkono dakika 15 hadi 20. Unalala chali saa 4 hadi 6 bila kukunja mguu huo. Wauguzi watakagua kidonda na mapigo ya mguu. Wengi huruhusiwa siku inayofuata.

Kwa siku 3 hadi 5 usibebe ndoo wala kuchuchumaa sana. Kama choo chenu ni cha shimo, panga namna mapema. Tendo la ndoa na kujichua acha wiki 4 hadi 6, baiskeli na pikipiki muda huohuo au zaidi. Maumivu madogo ya msamba kwa siku chache yanatulia kwa parasetamoli.

Rudi haraka ukiona kinena kinavimba na kudunda, mguu umepoa au kupauka, ngozi ya uume au kalio imegeuka nyeusi, homa yenye uume kuuma na kuwa wa moto, mkojo kukataa kutoka, au uume kusimama upya ukiwa mgumu wenye maumivu.

Je, nitaweza kuzaa?

Mbegu zinatengenezwa korodani, na ateri za korodani zinatoka kwenye aota yenyewe juu tumboni, si kwenye pudenda. Kizibo hakizigusi. Kinachohitaji uangalifu ni mionzi, kwa sababu korodani ziko jirani na eneo la picha. Mwombe daktari abane uwanja wa mionzi na atumie eksirei za mapigo badala ya mfululizo. Wazoefu hufanya hivyo bila kuombwa.

Mtoto wangu wa miaka 7 alianguka na baiskeli. Na yeye atazibwa?

Huenda asihitaji. Kwa watoto kusubiri kunapewa nafasi kubwa zaidi, kwa sababu wengi hupona na kwa sababu ateri zao ni nyembamba kwa katheta. Kuna jaribio rahisi: daktari akibonyeza msamba wa mtoto kwa kidole gumba na uume ukalegea papo hapo, ni dalili nzuri ya fistula ya ateri. Usimchape wala usimkaripie kwa "tabia mbaya". Wapo watoto waliofichwa nyumbani kwa wiki kwa sababu hiyo.

Mwanangu ana selimundu na uume husimama usiku kwa maumivu. Tiba hii itamfaa?

Karibu kila mara haitamfaa. Selimundu huleta damu iliyonaswa, yaani aina ya kwanza, na inaweza kuja na kwenda kwa vipindi vya saa moja au mbili kabla ya kuja kile kisichoondoka. Anywe maji mengi, akojoe, atembee, aoge maji ya uvuguvugu, apewe dawa ya maumivu. Barafu kwa mwenye selimundu hapana, baridi huzidisha chembe kujikunja. Ikifika saa 4, hospitali. Vipindi vikijirudia, kliniki ya selimundu ina dawa za kuvipunguza.

Kuna hali moja ya kuangalia. Mgonjwa wa selimundu aliyenyonywa damu kwa sindano anaweza kubaki na uume uliojaa lakini laini na usiouma. Huenda ni wingi wa damu ulio wa kawaida kwa tishu zilizopata damu upya, huenda sindano imechana ateri. Gesi za damu na Dopla zirudiwe kabla ya kukimbilia upasuaji mwingine.

Huduma hii inapatikana Afrika Mashariki?

Inahitaji mtambo wa angiografia (picha za mishipa), katheta ndogo na daktari wa tiba radiolojia, na vitu hivyo vitatu viko kwenye hospitali kubwa chache. Tanzania, mafunzo ya fani hii yalianza Muhimbili mwaka 2018, hivyo wapo madaktari waliosomea nyumbani. Nairobi nako kuna wataalamu katika hospitali kubwa za rufaa na za binafsi.

Kwa kuwa aina hii si dharura, una muda wa kupanga. Uliza bima yako kwa maandishi kama inalipia "kuziba ateri kwa katheta" pamoja na vifaa vyake, maana mara nyingi katheta ndogo na koili hutozwa peke yake na ndizo zinazopandisha bili. Muulize daktari ameziba mishipa ya nyonga mara ngapi; kuziba ateri za kizazi au za tezi dume hupita njia hiyohiyo, na mkono uliozoea huko umeizoea ramani. Safari beba majibu ya gesi za damu, CD ya Dopla, kreatinini ya hivi karibuni na tarehe ya ajali iliyoandikwa.